Vumbi la mahindi tunavuta sote, kwa nini augue yeye peke yake? Kuvu, tundu la TB na seli za kinga za mapafu

*"Daktari, habari ya kazi. Naandika kutoka Subukia, kaunti ya Nakuru. Mume wangu ana miaka 46. Alitibiwa TB mwaka 2022, akamaliza dawa zote za miezi sita, akaambiwa amepona. Tangu mwaka jana kikohozi kimerudi, amekonda mpaka mshipi umetobolewa upya, na tangu tulipoanza kupukuchua mahindi anatoa makohozi yenye michirizi ya damu. Amepimwa makohozi mara mbili, TB hakuna. Ukimwi hana. Duka la dawa limempa antibiotiki mara tatu, na sasa wiki ya pili yuko kwa predni, ambayo ilimpa nafuu siku chache tu. Picha ya kifua ilionyesha tundu juu upande wa kulia na ndani yake kuna kitu. Wakasema huenda ni ukungu. Majirani wanasema ni mahindi mabovu aliyokula. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: vumbi lile tunalivuta sote, mimi, yeye, na vijana wawili wanaotusaidia. Kwa nini yeye tu? Askari wa mwili wake wameisha? Nimpe nini cha kuongeza kinga? Na je, ataambukiza watoto?"*

Pole kwa kuuguza, mama, na mfikishie mzee pole zangu. Barua yako imetaja karibu kila kitu ambacho daktari wa kifua angetaka kujua, kwa hiyo nitaweza kujibu kwa undani. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini TB iliyopona, tundu lililobaki, kitu ndani ya tundu, kukonda, kikohozi cha zaidi ya miezi mitatu na damu kwenye makohozi vinaelekeza kwenye ugonjwa unaoitwa aspajilosisi sugu ya mapafu. Kuvu anayehusika mara nyingi ni Aspergillus fumigatus, na ugonjwa huu una vipimo na dawa.

Askari wa mwili wake hawajaisha. Wako, tena wengi wao huenda ni wazima kama wako. Shida yake iko mahali pamoja, ndani ya lile tundu, ambako seli za kinga haziwezi kufanya kazi yao. Na predni anayomeza inawadhoofisha hata wale wanaolinda sehemu nzima ya pafu. Hilo la predni ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote uliyoandika, nitalirudia.

Kwanza damu. Michirizi kwenye makohozi inatosha kumfikisha hospitali wiki hii. Akitoa damu tupu inayofika nusu kikombe cha chai, au damu kidogo kidogo inayorudi mara nyingi ndani ya siku moja, mwondoke nyumbani saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Njiani akae wima akiweza. Akilala, alale kwa ubavu wa kulia, upande wenye tundu, ili damu isimwagike kwenye pafu la kushoto ambalo ndilo linalompa pumzi. Asinywe aspirini wala dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni au diklofenaki. Kutoka Subukia mnaweza kwenda Nyahururu au Nakuru. Chagueni mtakakofika upesi, mradi pawe na oksijeni na damu ya kuongezewa.

Sasa twende kwenye swali lako kubwa, la vumbi. Chukua gunzi moja lililooza, lile lenye unga wa kijani kati ya mistari ya punje, uliguse kidogo kwa kijiti. Utaona kitu kama moshi kinapanda. Huo moshi ni spora, yaani mbegu za kuvu, na kila moja ina upana wa sehemu 2 hadi 3 za elfu ya milimita. Vumbi la udongo na pumba ni kubwa zaidi, kwa hiyo mengi hunaswa puani na kwenye ute wa njia za hewa, kisha vinyweleo vidogo huusukuma ute huo juu hadi kooni, nasi tukaumeza bila habari. Spora ni ndogo kiasi cha kupita vizuizi vyote hivyo na kutua mwisho kabisa wa pafu, kwenye vifuko vya hewa. Wala si wapukuchuaji peke yao wanaozivuta. Aspergillus hukaa kwenye majani yanayooza, samadi, nyasi kavu na udongo, na kila mtu huvuta mamia ya spora kwa siku, awe shambani Subukia au ofisini mjini. Wapukuchuaji wa mahindi yaliyooza huvuta nyingi zaidi, basi.

Kwenye vifuko vya hewa zipo seli zinazoitwa makrofeji. Hutambaa juu ya ukuta wa kifuko zikimeza chochote kisicho cha hapo: masizi ya jiko, chembe za vumbi, bakteria, spora. Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalijui. Spora kavu imevaa ganda laini la protini linaloificha, hivyo seli za kinga haziichangamkii. Kwa mtazamo wa mwili huo ni mpango mzuri, kwa sababu kama kila spora ingesababisha uvimbe, tungekuwa na mapafu yaliyovimba mwaka mzima. Spora ikipata unyevu na joto la mwili, baada ya saa chache huanza kuvimba, ganda linapasuka, na sukari ya ukuta wake iitwayo beta-glukani inajitokeza. Makrofeji ina kipokezi, Dektini-1, kilichotengenezwa hasa kuitambua sukari hiyo. Ikishaigusa, huimeza spora, huifungia kwenye kifuko chenye asidi na vimeng'enya, na kuimaliza polepole. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine zaidi ya siku nzima. Nayo spora ikiachwa, kabla siku haijaisha huwa imechipua uzi. Makrofeji lazima iwahi.

Zile zinazoponyoka huwakuta nyutrofili. Hizi ni chembe nyeupe za damu ambazo uboho wa mifupa hutengeneza kwa mabilioni kila siku. Makrofeji na seli za ukuta wa pafu hutoa kemikali za kuziita, nazo hutoka kwenye mishipa ya damu na kufika ndani ya saa chache. Uzi wa kuvu ni mrefu mno kumezwa na seli moja, kwa hiyo nyutrofili huuzunguka kwa kundi, zikaumwagia kemikali kali zinazotokana na oksijeni, zikaunyima madini ya chuma na zinki ambayo kuvu hawezi kukua bila hayo, na nyingine hupasuka na kutoa wavu wa nyuzi za DNA zao wenyewe unaokwamisha uzi ule. Tunajua uzito wa nyutrofili kwa kuwaangalia wanaozikosa. Wagonjwa wa saratani ya damu ambao dawa zimezimaliza, na watoto wanaozaliwa na kasoro ya kutotengeneza zile kemikali za oksijeni, hupata Aspergillus ya hatari inayopenya nyama ya pafu na kumaliza mtu kwa siku au wiki. Mzee wako hayuko kundi hilo. Ugonjwa wake umemtafuna kwa mwaka mzima, na hiyo peke yake ni dalili kwamba kinga yake bado inapigana.

Kuna tabaka la tatu, seli za T. Seli nyingine huchukua vipande vya kuvu kutoka kwenye pafu na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, na huko seli za T hujifunza adui ni nani. Zikirudi pafuni hutoa gama intaferoni, inayoipa makrofeji nguvu ya kuua ilichomeza, na intalukini 17, inayoita nyutrofili zaidi. Hapa ndipo virusi vya ukimwi huingia. HIV huangamiza seli za T aina ya CD4, na mtu ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 200 hushambuliwa na kuvu wengine kwanza: Pneumocystis, inayozuiwa kwa Septrin, na Cryptococcus, ambaye huvutwa kwa pua, akakaa hai ndani ya makrofeji zilizokosa msaada, kisha akapanda ubongoni. Nyutrofili za watu wengi wenye HIV zinatosha kumkabili Aspergillus. Ndiyo maana kipimo hasi cha ukimwi, ingawa ni habari njema, hakiondoi wala hakithibitishi ugonjwa ninaoushuku kwa mzee.

Basi kwa nini yeye tu? Kwa sababu ninyi watatu mna mapafu ambamo kila kona hufikiwa na seli hizo, naye ana tundu. Bakteria wa TB walipokula sehemu ya juu ya pafu lake la kulia, dawa ziliwaua lakini hazikurudisha nyama iliyokwisha kuliwa. Kilichobaki ni pango lenye ukuta wa kovu. Ndani yake mna hewa, joto na unyevu, vyote anavyovipenda kuvu. Hamna vinyweleo vya kusukuma ute nje. Hamna mishipa ya damu inayopita katikati, kwa hiyo nyutrofili zinazoitwa hufika ukutani na kuishia hapo. Ni kama nyumba ambayo wenyewe wamehama: mtaa una askari wa doria kila usiku, lakini hakuna anayeingia ndani ya geti lile. Spora inayotua humo hupata muda wa kuchipua na kutanda. Baada ya miezi, nyuzi za kuvu, ute na seli zilizokufa husokotana kuwa bonge, na pengine hicho ndicho "kitu" kilichoonekana kwenye picha.

Si mawazo tu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watu 285 waliomaliza matibabu ya TB, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kati ya wale ambao picha ilionyesha tundu, 26% walikuwa na aspajilosisi sugu. Kati ya wasio na tundu, haikufika hata 1%. Watu wa eneo moja, waliopona ugonjwa mmoja, na wanaovuta hewa ileile.

Damu nayo inatokana na vita vya ukutani. Seli za kinga zinapokusanyika kuzunguka tundu bila kumfikia kuvu, huleta uvimbe usiokwisha, na mwili huotesha mishipa mipya ya damu kuulisha uvimbe huo. Mishipa hiyo hutoka kwenye mkondo wenye shinikizo kubwa la damu, tofauti na mishipa ya kawaida ya pafu, nayo kuta zake ni dhaifu. Kikohozi kizito huipasua. Kwa hiyo kiasi cha damu hakilingani na ukubwa wa bonge. Bonge dogo laweza kutoa damu nyingi, na mgonjwa aliyekuwa akitoa michirizi kwa miezi anaweza siku moja kutoa kikombe. Msikizoee.

Turudi kwa predni. Predni ni steroidi, na steroidi hutuliza uvimbe. Ndiyo maana alipata nafuu: kikohozi kilitulia, hamu ya kula ikarudi, akajisikia mwepesi. Kuvu hakuguswa. Wakati huohuo dawa hiyo huzuia makrofeji kuua spora ilizokwisha meza na kupunguza makali ya nyutrofili, kwa hiyo kuvu aliyekuwa amefungiwa ndani ya tundu anaweza kuanza kupenya nyama inayolizunguka. India iliona jambo la aina hii mwaka 2021, wakati wa korona: steroidi nyingi zilizotumika, mara nyingi bila mpango, kwa watu wenye kisukari, zilifuatwa na wimbi la kuvu mwingine anayekula pua, macho na ubongo. Umeandika kwamba yuko wiki ya pili. Mtu aliyemeza steroidi kwa chini ya wiki tatu kwa kawaida anaweza kuiacha bila kupunguza hatua kwa hatua, lakini kama amewahi kupewa nyingine miezi ya karibuni, au ikifika wiki tatu kabla hamjaonana na daktari, asiiache ghafla, maana tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza steroidi ya mwili na anaweza kuzimia. Mpeleke, useme wazi ni vidonge vya miligramu ngapi na kwa siku ngapi. Beba pakiti yenyewe.

Kuhusu majirani na mahindi mabovu, wanachanganya mambo mawili ambayo yote ni ya kweli. Jamaa wa kuvu huyu, Aspergillus flavus, huacha sumu ya aflatoksini kwenye mahindi. Sumu hiyo huharibu ini, kupika hakuiondoi, na mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa Ukambani. Kwa hiyo mahindi yaliyooza msile, na msiwape ng'ombe wa maziwa. Lakini kula hakupandi kuvu kwenye pafu. Kuvu wa mzee aliingia kwa kuvutwa, pengine zamani kabla ya msimu huu. Vumbi la mwaka huu limemwongezea kikohozi juu ya kitu kilichokuwepo.

Watoto hawataambukizwa. Kuvu huyu hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Ndani ya tundu huota nyuzi, na spora anazozivuta mtoto zinatoka hewani, zilikuwepo na zitakuwepo. Kula pamoja, kulala chumba kimoja, kumkumbatia baba yao, yote ni salama kwa upande wa kuvu. Ila mpaka daktari aseme kwa uhakika kwamba TB haijarudi, afunike mdomo akikohoa na madirisha yawe wazi.

Na kuongeza kinga? Nauelewa moyo wa swali hili. Unataka kufanya kitu kwa mikono yako. Kitunguu saumu, tangawizi na mwarobaini havifikishi seli ndani ya tundu. Tena kinga iliyozidi si baraka kwenye pafu: wapo watu, hasa wenye pumu, ambao kinga yao huwachangamkia spora kupita kiasi, wakaugua mzio mkali wa Aspergillus huku kuvu mwenyewe akiwa kidogo tu. Yapo ya maana unayoweza kufanya. Apimwe sukari ya damu, kwa sababu kisukari kisichojulikana hulegeza nyutrofili, na hata matibabu yenyewe hayaendi vizuri. Akiwa anavuta sigara, aache. Moshi, pamoja na ule wa kuni kwenye jikoni isiyo na dirisha, hulemaza vinyweleo vya njia za hewa na kuzilemea makrofeji kwa masizi. Pombe nyingi vilevile. Na ale chakula chenye protini kila mlo: mayai, maharagwe, omena, maziwa. Mtu aliyekonda hatengenezi seli za kinga za kutosha, na kwa mgonjwa wa namna hii kilo zinazorudi ni habari ya kweli kuliko kikohozi kinachotulia.

Vipimo sasa. Mwende kliniki ya kifua ya hospitali kubwa. Nakuru kuna ile ya rufaa ya kaunti ambayo wengi bado wanaiita PGH. Bebeni kadi ya matibabu ya TB, picha za kifua zote, za 2022 na ya sasa, kwa sababu daktari atataka kuona kama ukuta wa tundu umenenepa au kitu kimetokea ambacho hakikuwepo. Ombeni makohozi yapimwe kwa GeneXpert na pia yaoteshwe kwa ajili ya TB na kuvu. GeneXpert husoma vinasaba, na kwa mtu aliyewahi kutibiwa inaweza kuokota mabaki ya bakteria waliokufa, kwa hiyo jibu la "kidogo sana" halitoshi kumrudisha kwenye dawa za TB bila kuotesha. Makohozi yanayofaa ni ya alfajiri kabla ya kula: asukutue kwa maji matupu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua, nje ya nyumba, mbali na watu. Mate hayana faida, na majibu mengi ya "hakuna kitu" hutokana na mate.

Kipimo kinachobeba uzito zaidi ni cha damu, kinachotafuta kingamwili aina ya IgG dhidi ya Aspergillus. Wagonjwa wengi sana wa aspajilosisi sugu huwa nacho chanya. Si kila maabara hukifanya. Sampuli inaweza kupelekwa Nairobi, kwa hiyo ulizeni bei na muda kabla ya kutoa damu. CT ya kifua huonyesha bonge, unene wa ukuta na mishipa vizuri kuliko picha ya kawaida. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, ningeanza na GeneXpert, kuotesha, kipimo cha IgG na picha mpya ya kawaida, kisha CT ifuate daktari akiona upasuaji unafikirika au damu inazidi. Daktari atafikiria pia saratani, maana tundu lenye kitu ndani kwa mtu wa miaka 46 halipewi jina moja kwa kubahatisha.

Wakithibitisha, dawa ya kwanza ni itrakonazoli, kwa kawaida miligramu 200 mara mbili kwa siku. Muda wake ni mrefu. Utafiti wa Chandigarh, India, uliochapishwa 2022 na kuhusisha wagonjwa 164, ulilinganisha miezi 6 na miezi 12: ndani ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia 38% ya waliotumia miezi 6, na 10% ya waliotumia mwaka. Kwa hiyo mjipange kwa mwaka, pamoja na bei yake, na mwulize ofisi ya SHA (bima ya afya ya serikali) ya hospitali ni kipi kinacholipiwa kabla hamjaanza. Kuanza na kukatiza kwa kukosa pesa kunampa kuvu nafasi ya kuzoea dawa.

Itrakonazoli ya kapsuli huingia mwilini vizuri ikikutana na asidi tumboni. Ainywe katikati ya mlo au mara tu baada ya kula, asiichanganye na omeprazoli wala dawa za kiungulia. Wengi hushindwa na dawa hii kwa sababu hiyo tu, wakidhani kuvu ni sugu. Apimwe ini kabla ya kuanza, kisha baada ya mwezi hivi. Akivimba miguu, akiishiwa pumzi akilala chali, macho yakiwa ya manjano au mkojo ukawa kama chai nyeusi, arudi hospitali mara moja. Dawa hii inaweza kuulemea moyo wenye udhaifu na ini. Haiendi pamoja na rifampisini ya TB, ambayo huiteketeza mwilini kabla haijafanya kazi, na hugombana na baadhi ya dawa za kifafa, za kolesteroli, na za pumu za kuvuta zenye steroidi. Mpe daktari orodha ya kila anachomeza, hata cha mganga.

Duka la dawa likimpa flukonazoli, ile inayouzwa kwa fangasi ya sehemu za siri, mkatae. Aspergillus fumigatus hasikii dawa hiyo. Antibiotiki nazo huua bakteria; tatu alizokwisha pewa hazikuwa na la kufanya kwa kuvu. Upasuaji wa kuondoa kipande chenye tundu huponya kabisa pale bonge likiwa moja, tundu likiwa moja, na pafu lililobaki lina nguvu. Ni upasuaji mzito, na kwa mtu aliyekonda hatari yake hupanda. Wengi huanza na dawa, wakanenepa kidogo, kisha daktari wa upasuaji akaamua. Damu ya michirizi hutulizwa kwa vidonge vya asidi ya traneksamiki huku itrakonazoli ikifanya kazi. Ikiwa nyingi, hospitali chache kubwa zinaweza kuuziba mshipa unaovuja kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Niwe mkweli pia kuhusu matumaini. Dawa mara nyingi humrudishia mtu uzito, hupunguza kikohozi na damu, na huzuia tundu kupanuka. Bonge lenyewe laweza lisiyeyuke, na tundu halitazibika. Apimwe uzito kila mwezi kwenye mizani ileile na muandike.

Mahindi yaliyobaki asiyapukuchue yeye, wala asiwe karibu mashine ikiwaka. Leso puani haisaidii. Spora hupita pembeni. Barakoa ya aina ya N95 inayobana vizuri husaidia, na vijana wanaowasaidia wavae pia, wasimame upande upepo unakotoka, na magunzi yaliyooza yatengwe kabla ya kuingia mashineni. Asilale chumba chenye magunia. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia. Na mwakani mkaushe zaidi kabla ya kuweka ghalani, hadi unyevu wa 13.5%. Kama hamna kipimo, chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mjaze theluthi kwa mahindi, mtie vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, mtikise kwa dakika chache kisha mwache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya 15% na kuvu ataota humo. Ikibaki kavu chini, yamefikia chini ya hapo, na siku nyingine ya jua juu ya turubai haitaharibu kitu.

Wewe na vijana hamhitaji vipimo wala dawa kama mko salama. Ila mmoja wenu akiwa aliwahi kuugua TB, au ana pumu inayobana zaidi kila msimu wa kupukuchua, naye apigwe picha ya kifua.